Linde Ubongo wa Mtoto Mchanga: Mazungumzo na Wazazi wa Soko la Gikomba

Haya ni maneno ya afisa wa afya ya watoto alipozungumza na wafanyabiashara na wazazi wa Gikomba, Wadi ya Pumwani. Tumeyachapisha kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kuacha vibanda vyao siku hiyo.

Nimeambiwa nimalize kabla ya saa kumi kwa sababu wateja wanaotoka kazini mjini huanza kuteremka saa hiyo, na mwenye kibanda hawezi kuwaacha wapite. Basi nitaingia moja kwa moja katika jambo lililonileta.

Nimekuja kuzungumza juu ya bakteria na ubongo wa mtoto mchanga. Mtu akitaja bakteria sokoni, wengi wetu huwaza tumbo la kuendesha au kidonda kilichooza. Leo nataka tuufuate ugonjwa huu mbali zaidi, hadi darasani. Katika mitaa hii, kuanzia Shauri Moyo na Majengo hadi Kiambiu, kuna watoto wanaotaabika na kusoma, na chanzo cha taabu yao ni ugonjwa walioupata kabla hawajajua hata kuketi. Mwalimu haujui, kwa sababu ulitokea miaka saba iliyopita. Mzazi naye ameusahau, kwa sababu mtoto alipona na kurudi nyumbani.

Mtoto anapozaliwa, ubongo wake una uzito wa karibu robo ya ubongo wa mtu mzima. Akifikisha mwaka mmoja, uzito huo umekaribia kuongezeka maradufu. Fikirieni nyumba ambayo fundi wa stima bado anapitisha nyaya ukutani, plasta haijapigwa. Moto mdogo ukizuka wakati huo, ukuta unaweza kubaki umesimama, hata mpita njia asione kitu. Lakini siku ya kuwasha taa, chumba kimoja kinabaki giza. Hivyo ndivyo maambukizi ya siku za kwanza yanavyoweza kufanya. Mtoto anapona, ananenepa, anacheka, na hitilafu inajulikana siku anapotakiwa kusikiliza, kukumbuka na kuandika.

Bakteria hao humfikia wapi? Wengine humpata wakati wa kuzaliwa, katika njia ya uzazi. Wengine hupitia kitovu ambacho hakijakauka. Wengine hutoka mikononi mwetu sisi tunaombeba, na baadaye kuna wale wanaokaa puani na kooni mwa watu wazima na watoto wakubwa bila kuwaumiza. Wakiingia katika damu ya mtoto mchanga, mwili wake hauna nguvu za kutosha za kuwazuia, na kile kizuizi kilicho kati ya damu na ubongo hakijakomaa. Wakivuka hapo, wanashambulia utando unaofunika ubongo. Huo ndio tunaouita ugonjwa wa uti wa mgongo. Utando unavimba, usaha unaziba mishipa midogo ya damu, na mara nyingi sikio la ndani linaumia pia, kwa maana liko jirani.

Hata wasipofika kwenye utando, hatari haijaisha. Damu ikijaa maambukizi, msukumo wake hushuka, sukari mwilini hupungua, hewa haifiki ubongoni inavyotakiwa, na kemikali ambazo mwili unatoa ili kupigana na wadudu huziumiza zile nyaya nilizotaja. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati ndiye anayeumia zaidi.

Pengine mtasema haya ni mambo ya vitabu. Basi niwapeleke Kilifi, kwa ndugu zetu wa pwani, ambako taasisi yetu ya utafiti, KEMRI, imekuwa ikifanya kazi na hospitali ya pale tangu mwaka 1989. Kati ya mwaka 1998 na 2002 walipima damu ya watoto zaidi ya 19,000 waliolazwa. Kwa wale wa chini ya siku 60, karibu mmoja kati ya wanane alikuwa na bakteria ndani ya damu. Na katika vifo vyote vya watoto hospitalini humo, karibu robo walikuwa ni watoto wenye bakteria hao. Kumbukeni huko ni eneo la malaria, ambako kila homa ilikuwa ikiitwa malaria.

Hao ni waliokufa. Na waliopona? Mwaka 2012, Daktari Michael Mwaniki wa Kilifi na wenzake walichapisha kazi moja kubwa. Walikusanya tafiti 153 kutoka nchi mbalimbali, zilizohusu watoto zaidi ya 22,000 walionusurika matatizo makali ya tumboni mwa mama na ya siku za mwanzo, yakiwemo maambukizi ya damu na ya uti wa mgongo, kuzaliwa kabla ya wakati, na kukosa hewa wakati wa kuzaliwa. Karibu watoto 4 kati ya 10 walibaki na athari ya aina moja au zaidi. Athari iliyoonekana sana ilikuwa ugumu wa kujifunza na kuchelewa kukua kiakili, ikifuatwa na kupooza kwa ubongo, kusikia vibaya na kuona vibaya. Nawaomba msitishike kupita kiasi. Hao walikuwa watoto waliougua sana, na hata miongoni mwao wengi walitoka salama. Lakini ni idadi kubwa mno kuiacha ipite hivi hivi.

Sasa tuje hapa kwetu, kwa sababu ugonjwa ni ule ule, ila Gikomba ina njia zake.

Mama wa hapa hapumziki siku arobaini. Wengi wenu mnajifungua Pumwani, hospitali ambayo imekuwa ikipokea watoto wa Nairobi tangu mwaka 1926, na baada ya wiki mbili mmesharudi. Beli inafunguliwa alfajiri, na asiyekuwepo anakosa kamera, anabaki na nguo za kurusha chini kwa bei ya hasara. Sikuja kuwakemea kwa hilo. Kodi ya nyumba haimsubiri mzazi. Ninachotaka ni tuangalie saa zinazopotea kati ya mtoto kuanza kuugua na mtoto kupata sindano ya kwanza, kwa sababu ubongo huumia ndani ya saa hizo.

Dalili za mtoto mchanga ni za kimya. Mtoto wa miaka mitatu akiugua hulia, husema kichwa kinauma, hukataa chakula. Mtoto wa wiki moja hulala tu. Jirani anapita kibandani anasema, "Mtoto wako ni mpole, hana shida." Kumbe upole huo ndio ugonjwa wenyewe. Ya kwanza ya kutazama ni kunyonya. Mtoto aliyekuwa akivuta titi kwa nguvu, leo analigusa na kuliacha, au ameshindwa kabisa kunyonya. Hiyo peke yake inatosha kukufanya ufunge kibanda.

Ya pili ni joto la mwili. Wengi wetu tunajua kuogopa homa, yaani joto la 37.5 kwenda juu. Lakini mtoto mchanga mwenye maambukizi anaweza pia kuwa baridi, chini ya 35.5. Mguse tumboni na miguuni. Ikiwa amefunikwa vizuri na bado ni baridi, usimwongezee blanketi ukarudi kuuza. Nenda kituoni.

Kisha tazama anavyopumua. Chukua simu, weka dakika moja, hesabu kifua kinavyopanda mtoto akiwa ametulia. Akifika mara 60 au zaidi, au kifua kikibonyea ndani kila anapovuta hewa, ana hatari. Degedege nalo katika umri huu halifanani na lile la mtoto mkubwa anayetikisika mwili mzima. Anaweza kukaza mkono mmoja, kupepesa macho bila kukoma, au kutafuna wakati mdomoni hamna kitu. Mtazame pia kama amelegea hasogei mpaka umchokoze, kama utosi umevimba ilhali halii, kama kitovu kina wekundu uliosambaa ngozini au kinatoa usaha. Yoyote kati ya haya, mchana au usiku, ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo.

Na baba, hapa ndipo unapoingia. Mara nyingi mama ameshaona kwamba mtoto hayuko sawa, ila anasubiri ruhusa, au anasubiri nauli ya boda. Kubalianeni mapema, mtoto akiwa mzima, kwamba dalili hizi hazihitaji kikao.

Kuna vituo vitatu ambavyo mtoto wa hapa hupitishwa kabla ya hospitali, na vyote vitatu hula muda.

Cha kwanza ni kemisti. Unaeleza kwamba mtoto ana homa, unapewa chupa ya dawa ya maji, unampa kijiko asubuhi na jioni. Dawa ile inaweza kushusha homa kidogo na kukupa moyo, lakini haitoshi kuua bakteria walio katika damu ya mtoto wa wiki mbili. Mtoto huyo anahitaji sindano za antibiotiki, kwa kawaida penisilini pamoja na jentamaisini, zikipimwa kulingana na uzito wake, kwa siku kadhaa mfululizo. Kama ni uti wa mgongo, matibabu ya mtoto mchanga hayapungui wiki mbili. Chupa ya kemisti huficha moto chini ya majivu.

Cha pili ni mtu wa kukata kilimi, au yule anayechimba ufizi akisema mtoto ana meno ya plastiki. Nitalisema hili polepole. Kilimi hakisababishi mtoto kukataa kunyonya, na hayo yanayoitwa meno ya plastiki ni machipukizi ya meno yake halali. Mtoto aliyeletwa pale akiwa tayari na maambukizi anaondoka na kidonda kipya kinywani, kilichokatwa kwa wembe ambao hujui ulimkata nani jana.

Cha tatu ni maneno. Jicho baya, mama ametembea penye upepo, mtoto amerogwa na mshindani wa biashara. Nimeona nyumba ikigawanyika kwa maneno hayo wakati mtoto yuko wodini. Bakteria hawajui nani anamwonea nani wivu.

Ukifika kituoni, iwe Bahati, Eastleigh au kwingine, useme wazi: "Mtoto wangu ana siku kadhaa, na hanyonyi." Maneno hayo mawili, umri na kunyonya, ndiyo yatakayomfanya muuguzi akutoe kwenye foleni. Anaweza kumpa mtoto sindano ya kwanza pale pale kisha akuandikie rufaa ya hospitali kubwa. Usipitie nyumbani kuchukua leso.

Huko hospitalini kuna jambo moja ambalo linawatoroshea watoto wengi matibabu, nalo ni kutolewa maji ya mgongo. Nimesikia ikisemwa katika soko hili kwamba mtoto akichomwa mgongoni atapooza au atakufa, na ninaelewa hofu hiyo inatoka wapi. Wanaochomwa ni wale ambao tayari wana ugonjwa mkali, wengine hufa, na wanaobaki nyuma huikumbuka sindano. Lakini sindano ile huingizwa chini kabisa ya mgongo, mahali ambapo uti wenyewe umeshaisha na kubaki mishipa inayoelea katika maji. Daktari huchukua matone machache. Mwili hutengeneza maji hayo kila siku, kwa hiyo yaliyotolewa hurudi baada ya saa chache. Bila matone hayo, daktari hajui kama bakteria wamefika kwenye utando, na hajui kama atibu wiki moja au tatu. Mzazi anayekataa kipimo hicho anamlazimisha daktari kutibu kwa kukisia. Uliza maswali yote uliyo nayo, ujibiwe, kisha utie sahihi.

Shirika la Afya Duniani linasema kwamba kati ya watu watano wanaougua uti wa mgongo wa bakteria, mmoja hubaki na madhara makubwa. Ndiyo maana ni afadhali ugonjwa huu usimfikie mtoto kabisa, na hapa nina habari za kufurahisha kutoka Kilifi kule kule. Kulikuwa na bakteria mmoja anayeitwa Hib, aliyekuwa akiua na kuziba masikio ya watoto wengi. Kenya ilianza kuchanja dhidi yake mwishoni mwa mwaka 2001, ndani ya ile sindano yenye chanjo tano. Ndani ya miaka mitatu hivi, ugonjwa huo mkali ulikuwa umepungua kwa asilimia 88 kwa watoto wa chini ya miaka mitano. Mwaka 2011 ikaja chanjo ya nimokoka, bakteria wa nimonia na uti wa mgongo. Aina za bakteria zinazolengwa na chanjo hiyo zilipungua kwa asilimia 92 kwa watoto wa umri huo. Madaktari wenye umri wangu wanakumbuka wodi zilivyokuwa kabla ya hapo. Wanafunzi wao wa leo wengine hawajawahi kumwona mgonjwa wa Hib.

Sindano hizo zote mbili hutolewa wiki ya 6, ya 10 na ya 14, bila malipo katika vituo vya umma. Wiki ya 6 watu huja. Wiki ya 14 ndiyo inayoangukia msimu wa biashara, na hapo vijitabu vingi vya kliniki vinabaki na nafasi tupu. Kama hukumalizia, nenda hata kama umechelewa, hutafukuzwa.

Zile wiki sita za mwanzo, kabla ya chanjo hizi, kinga ni usafi na maziwa ya mama. Maziwa ya kwanza, yale ya manjano, msiyakamue mkayamwaga, hiyo ndiyo dawa ya kwanza ya mtoto. Kwenye kitovu usiweke majivu, mate, mafuta ya kupikia wala dawa ya meno. Paka tu ile dawa uliyopewa hospitalini, kama ulipewa. Mnaoshika noti na sarafu siku nzima, nunueni kipande cha sabuni kikae kibandani na mtungi wa maji. Na nguo za mtoto, kwa vile watoto wengi wa Nairobi wanavaa nguo zilizopitia hapa Gikomba: zifueni, zikauke juani, zipigwe pasi kabla hazijamgusa mtoto. Sisemi mitumba inaleta uti wa mgongo, msije mkasema daktari wa kaunti ameharibu soko. Nasema nguo iliyokaa ndani ya beli na kukanyagwa chini ni chafu.

Kama unampeleka mtoto kwa mama wa kulea, ingia ndani uone. Hesabu watoto. Tazama chupa zinaoshewa wapi, na kama mwenye kuhara anatengwa. Mwachie namba ya simu inayopatikana, na umwambie kwamba mtoto akikataa kunyonya akupigie saa hiyo hiyo, asingoje uje jioni.

Sasa wale ambao watoto wenu walishaugua na kupona, msidhani nimewasahau. Mtoto aliyetoka hospitalini baada ya uti wa mgongo anatakiwa apimwe masikio, ndani ya mwezi mmoja kama inawezekana. Usipoambiwa, uliza. Kisha fuatilia kijitabu chake. Kufikia miezi miwili awe anakutabasamia. Kufikia miezi minne awe anashika shingo. Miezi tisa awe ameketi bila kushikwa, na mwaka mmoja na nusu awe anatembea na kusema maneno machache. Akichelewa, mwambie muuguzi au yule mhamasishaji wa afya anayetembelea nyumba zenu na mkoba. Mazoezi ya viungo na ya kuongea yakianza mapema husaidia sana, kwa sababu ubongo mchanga bado unaweza kupitisha waya upande mwingine.

Yupo pia mtoto wa Gredi ya 2 anayekaa nyuma ya darasa. Mwalimu anamwita, hageuki. Anaambiwa ni mkaidi. Imla anaandika nusu. Nyumbani tunasema ni mvivu kama mjomba wake, tunampa kiboko. Kabla ya kiboko, mpime masikio. Na ukiona usaha unatoka sikioni kwa zaidi ya wiki mbili, hilo nalo ni bakteria, wala si jambo la kawaida la utotoni linaloisha lenyewe. Likiachwa hutoboa ngoma ya sikio, hupunguza kusikia, na mara chache huweza kupenya hadi ubongoni. Usitie mafuta ya moto humo. Kliniki wataonyesha jinsi ya kukausha sikio kwa kitambaa safi na kumpa dawa ya matone.

Kwa shule, kuna vituo vya serikali vya kutathmini watoto wenye mahitaji maalum, na kuna taasisi ya elimu maalum, KISE, pale Kasarani. Huko mtoto hupimwa kusikia, kuona na uwezo wa kujifunza, na mzazi hupewa barua ya kumwelekeza mwalimu. Wakati mwingine barua hiyo inasema jambo dogo tu: mtoto akae mbele, sikio lake zuri lielekee ubao. Nimewajua watoto ambao kuhamishwa dawati kuliwafaa kuliko tuisheni ya mwaka mzima. Mama asiende huko akiwa ameinama kwa aibu. Hakuna alichofanya. Mtoto wake aliugua, akapona, na sasa anahitaji njia yake ya kusoma.

Naona saa imekaribia, na kuna watu wanachungulia vibanda vyao. Muuguzi mwenzangu yuko pale mezani karibu na lango, ana mizani na kipimajoto, na anaweza kukagua kijitabu cha kliniki cha yeyote aliyekuja nacho. Tuna nafasi ya maswali machache. Mama wa upande wa viatu, umeinua mkono muda mrefu. Uliza, tunakusikiliza.